Uwanja wa Kokwet: Mahakama ya Chini ya Mti katika Nchi ya Chai

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, katika darasa zetu limetujia mara nyingi suala hili: Watu wakikhitilafiana juu ya ardhi, au mali ya urithi, au mpaka wa nyumba, waende wapi kwanza? Wako wasemao: Mahakamani, kwani huko ndiko kwenye nguvu. Na wako wasemao: Kwa wazee, kwani huko ndiko kwenye huruma. Tumeona tusilijibu suala hili kwa maneno matupu, bali tulete khabari ya watu waliokuwa na mahakama isiyo na nyumba, wala karani, wala askari, nayo ikawakatia mashauri yao kwa vizazi vingi. Watu hao ni Wakipsigis wa nchi ya Kericho na Bomet, na mahakama yao ni uwanja wa kokwet.

Huenda msomaji wa pwani akauliza: Tuna nini sisi na Wakipsigis? Jawabu ni kuwa mwenye busara hujifunza kwa kila mtu, wala hekima haina kabila. Na zaidi ya hayo, yaliyoupata uwanja wao ndiyo yanayozipata baraza zetu, kama tutakavyoona.

NCHI NA WATU WAKE

Kericho na Bomet ni nchi ya vilima na mabonde upande wa magharibi wa Kenya, na sehemu yake kubwa imeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha huko karibu miezi yote ya mwaka, na mara nyingi huja baada ya adhuhuri, na pengine huja na mawe. Mtu wa pwani aliyezoea minazi na mchanga akifika huko huona kitu kimoja tu mbele ya macho yake: chai, chai, na chai, imekatwa sawasawa kama zulia, mpaka mwisho wa upeo.

Lakini chai ni mgeni. Wenyeji ni Wakipsigis, walio katika jamii ya Wakalenjin. Katika vitabu vya zamani vya Waingereza wameitwa Walumbwa, nalo ni jina walilopewa na wengine, si lao. Stesheni ya reli iliyoitwa Lumbwa, leo yaitwa Kipkelion. Kazi yao ya asili ilikuwa ni kufuga ng'ombe, na mbuzi na kondoo, na kulima wimbi.

Basi yatupasa tufahamu jambo moja tangu mwanzo. Wakipsigis hawakujenga miji ya nyumba zilizobanana kama Lamu au Pate, wala vijiji vyenye njia na viambaza. Kila mtu alikuwa na boma lake juu ya mteremko wake, na baina ya boma na boma palikuwa na shamba na malisho. Kwa hivyo tukisema "uwanja wa kijiji" asidhani msomaji kuwa ni uwanja uliozungukwa na nyumba na kutandikwa mawe. Ulikuwa ni pahala pa majani mafupi, palipo wazi, penye mti wa kivuli, ambapo watu wa maboma yote ya jirani waliweza kufika kwa miguu.

MAANA YA KOKWET

Neno kokwet lina maana mbili zinazokwenda pamoja. Maana ya kwanza ni ujirani: maboma kadhaa yaliyo karibu karibu, ambayo watu wake husaidiana kulima na kuvuna, hujenga pamoja, huchunga pamoja, na huzikana. Maana ya pili ni mkutano wa watu wa ujirani huo, wanapokaa kutazama mambo yao. Ni kama vile neno letu "baraza": asili yake ni kikao cha jiwe mbele ya nyumba, kisha likawa ni jina la wale wanaokikalia na la mashauri yanayokatwa hapo.

Tena lataka kukumbukwa kuwa neno hili la baraza lilisafiri. Serikali ya kikoloni ililichukua Kiswahili kwenda nacho bara, na mpaka leo mkutano wa chifu huko Kericho na Bomet huitwa baraza. Basi kikao cha mawe cha mji wa pwani kimelipa jina lake jambo lililokuwa likifanywa juu ya majani tangu zamani.

Mkubwa wa mkutano aliitwa boiyot ab kokwet, yaani mzee wa kokwet. Huyu hakuwa sultani, wala hakurithi cheo kwa baba yake. Majirani walimkubali kwa sababu ya kuijua kwake desturi, na ufasaha wa ulimi wake, na subira yake. Hakuwa na uwezo wa kusema, "Mimi nimehukumu, basi." Kazi yake ilikuwa kuufungua mkutano, kuwaachia watu waseme, kisha kuyakusanya maneno yao na kuwatolea lile ambalo wengi wamekwisha kuliona. Na shauri lililoushinda ujirani mmoja, au lililowahusu watu wa mahali mbali mbali, lilipelekwa mbele ya wazee mashuhuri zaidi, ambao kila mmoja wao aliitwa kiruogindet, yaani mkata mashauri.

Mambo haya yameandikwa na watu waliokaa huko na kuyaona. John Peristiany alitoa kitabu chake juu ya desturi za Wakipsigis mwaka 1939, na kitabu cha Ian Orchardson, aliyeishi nao miaka mingi, kilichapishwa mwaka 1961.

NAMNA SHAURI LILIVYOSIKILIZWA

Tuchukue mfano, nao ni mfano tunaoutoa sisi wenyewe ili kufahamisha. Ng'ombe wa mtu wameingia usiku katika shamba la wimbi la jirani yake na kulila. Mwenye shamba haendi kumkamata mwenye ng'ombe, bali huwapa wazee khabari. Siku ikifika watu hukusanyika uwanjani, wazee wakakaa karibu na mti, na wadogo zao nyuma yao. Vijana hukaa pembeni wakisikiliza, na kusikiliza huko ndiko kulikokuwa darasa lao la sheria, kwani hapakuwa na kitabu.

Mshitaki husimama akaeleza, na hapana amkataye neno. Akimaliza, mshitakiwa naye husimama akaeleza. Kisha huitwa wenye kushuhudia, na kila mwenye akili katika majirani ana ruhusa ya kuuliza na kutoa rai yake. Mkutano haukuharakishwa. Jambo lisipokwisha leo, liliakhirishwa. Mwisho boiyot ab kokwet husema yale ambayo mkutano umeyaona: alipe kiasi gani, kwa namna gani, na wawili hawa warudi vipi katika ujirani wao.

Msomaji aliyeisoma Sura ya Al-Anbiyaa atakumbuka kisa kilicho karibu mno na mfano huu: kondoo na mbuzi wa watu walioingia usiku katika shamba la wengine, na Nabii Daud na Nabii Suleiman, amani iwe juu yao, wakalihukumu shauri hilo. Wafasiri wametueleza kuwa Suleiman alitoa hukumu ya kuwa wenye shamba wawachukue wanyama wanufaike nao, na wenye wanyama walihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Tazama jinsi hukumu hiyo ilivyokuwa ni ya kutengeneza, si ya kuvunja. Mwenye shamba hakupoteza, na mwenye wanyama hakufilisika. Na hili ndilo lililokuwa kusudio la wazee wa kokwet: si kumtafuta wa kuadhibiwa tu, bali kuiziba tundu iliyotoboka baina ya majirani.

HUKUMU ISIYO NA JELA

Mtu atauliza: Ikiwa hapana askari wala jela, nani aliyemlazimisha mtu kutii? Jawabu ni mambo matatu.

La kwanza ni haja ya majirani. Mtu aliyeukataa mkutano alijitoa katika ujirani. Nani atamsaidia kuvuna? Nani atamwendea akifiwa? Katika nchi ya maboma yaliyotawanyika, mtu peke yake ni mtu aliyepotea.

La pili ni ukoo. Wakipsigis wana koo, na ukoo ulikuwa dhamini wa mtu wake. Akiua mtu, fidia ya ng'ombe iliwalazimu jamaa zake pamoja naye, kwa hivyo jamaa walikuwa na sababu ya kumzuia kabla hajaharibu.

La tatu ni khofu ya kiapo na laana ya wazee. Pasipokuwa na shahidi, mtu aliweza kutakiwa aape. Jambo hili lilikuwa zito sana kwao, kwani waliamini kuwa kiapo cha uwongo humrudia mwenyewe na kizazi chake. Sisi katika sharia yetu tunajua kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na yamini ni juu ya mwenye kukanusha, wala yamini haiwi illa kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Kwa hivyo kiapo chao hatukifuati. Lakini tusiache kuona kuwa watu hao, bila ya kusoma vitabu vyetu, walifahamu kuwa neno la mtu mmoja halitoshi kumhukumu mwenziwe.

SERIKALI YA KIGENI NA UWANJA

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada yake serikali ya Kiingereza ikaweka mizizi katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1902 ilitolewa sheria ya kuweka wakubwa wa vijiji, na tangu hapo akapatikana mtu mmoja mwenye amri kutoka juu, pahala pa mkutano wenye rai kutoka chini. Mwaka 1930 ikatolewa sheria ya mabaraza ya hukumu ya wenyeji, na mwaka 1951 ikafuatiwa na sheria ya mahakama za Waafrika. Mahakama hizo zilikuwa na nyumba, na daftari, na ada, na faini iliyokwenda katika hazina. Mwaka 1967, baada ya uhuru, Kenya iliziunganisha mahakama zote hizo za chini katika mahakama za mahakimu.

Hatusemi kuwa hayo yote yalikuwa mabaya. Daftari huhifadhi haki ambayo kumbukumbu huisahau. Lakini yako mambo ambayo serikali hiyo iliyafanya, na lau kama yangeletwa mbele ya uwanja wa kokwet, hapana mzee ambaye angeyakubali. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha walaiboni, na kwa sheria hiyo watu wa ukoo wa Talai wa Wakipsigis, wanaume kwa wanawake na watoto wao, walipelekwa Gwassi, karibu na ziwa. Hawakushitakiwa mmoja mmoja, wala hakuulizwa kila mtu amefanya nini. Ukoo mzima ulihukumiwa kwa jina lake. Hawakurudishwa mpaka mwaka 1962, na walioondoka wakiwa watoto walirudi watu wazima. Mpaka hivi karibuni watu wa Kericho wamekuwa wakidai haki kwa ajili ya hayo na kwa ajili ya ardhi yao, hata mwaka 2022 wakapeleka mashitaka yao katika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya.

Basi asidanganyike mtu na majengo. Nyumba kubwa yenye nguzo na bendera yaweza kutoa dhulma, na kivuli cha mti chaweza kutoa haki. Linaloifanya mahakama kuwa mahakama ni kusikilizwa kwa yule anayehukumiwa.

JINSI UWANJA ULIVYOPOTEA

Baada ya Vita Kuu vya kwanza, eka 25,000 katika nchi ya Kericho zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukavunjika, na ardhi ikaingia mikononi mwa makampuni ya chai. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaanza mashamba yao makubwa. Nao Wakipsigis waliobaki nje ya mashamba hayo wakaanza kuzungushia ua ardhi zao, kila mtu sehemu yake, kwani waliona kuwa ardhi isiyo na ua ndiyo inayochukuliwa. Mwaka 1963 ilitolewa sheria ya ardhi iliyoandikishwa, na mwaka 1964 serikali ikaunda halmashauri ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, na chai ikaenea katika mashamba madogo ya wenyeji.

Sasa tufikiri. Daftari la ardhi humuuliza mtu: Shamba hili ni la nani? Uwanja wa kokwet haukuwa wa mtu, ulikuwa wa watu. Basi kitu kisichokuwa na mwenyewe katika daftari huwa chepesi kupotea. Palipokuwa na malisho ya wote pakawa na ua wa mmoja, na mti wa wazee ukawa ndani ya shamba la mtu.

Tulipofika huko, mwenyeji wetu, mzee wa Kikipsigis, alitusimamisha kando ya njia akatuonyesha kwa fimbo yake pahala penye miche ya chai. Akasema: "Baba yangu alinileta hapa nikiwa mtoto, nikakaa nyuma nikasikia wazee wakisema." Tukamuuliza: "Na sasa mwakutana wapi?" Akasema: "Mzee wa kokwet bado yuko. Twakutana tunapopata, penye shule au uani kwa mtu. Lakini uani kwa mtu si uwanja. Ukikaa kwangu, wewe ni mgeni wangu. Utasema nini juu yangu?"

Neno hili tumelichukua tukarudi nalo pwani. Uwanja haukuwa wa mtu, na kwa sababu hiyo kila mtu aliweza kusema hapo.

MIFANO YA KWINGINE

Jambo hili si la Kericho tu. Huko Rwanda palikuwa na mashauri ya wazee yaliyoitwa gacaca, na jina hilo latokana na majani wanayoyakalia. Baada ya mauaji ya mwaka 1994, serikali ya huko iliufufua mtindo huo kwa sheria, na mpaka mahakama hizo zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza kesi karibu milioni 2. Wako waliozisifu kwa kuwafanya watu waseme kweli mbele ya majirani, na wako waliozilaumu kwa kuwa mtuhumiwa hakuwa na wakili. Sifa hiyo na lawama hiyo zote ni za kuzingatiwa.

Na katika mji wa Valencia, huko Hispania, iko mahakama ya maji ambayo hukaa kila Alkhamisi adhuhuri mbele ya mlango wa kanisa kuu, pahala ambapo zamani palikuwa na msikiti mkuu wa mji. Mahakimu wake 8 ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, nao hukata mashauri ya mifereji ya kumwagilia mashamba. Maneno husemwa kwa mdomo, na hukumu hutolewa hapo hapo mbele ya watu. Wenyewe husimulia kuwa asili yake ni zama za utawala wa Waislamu wa Andalus. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliitia katika hesabu ya urithi wa wanadamu. Basi tazama, jambo ambalo wengine wamelihifadhi karne baada ya karne, sisi tunaliona ni ushamba.

AIBU ZA UWANJA

Haifai kusifu bila ya kupima. Uwanja wa kokwet ulikuwa na aibu zake, nazo ni tatu.

Kwanza, ulikuwa ni mkutano wa wanaume. Mwanamke aliweza kuitwa aseme lililomhusu, lakini hakuwa katika wakata shauri, na mara nyingi haki yake ilisemwa na mume au ndugu.

Pili, majirani wote hujuana, na kujuana kuna kheri na kuna shari. Mwenye ng'ombe wengi na jamaa wengi husikilizwa kwa upole, na fukara husikilizwa kwa haraka.

Tatu, uwanja wa majirani haumjui mgeni. Mashamba ya chai yameleta watu wa makabila mengi kuja kufanya kazi, nao wamekaa miaka na kuzaa huko. Katika ghasia za mwaka 1992, na zile za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watu wengi wa Bonde la Ufa, na Kericho ikiwamo, walifukuzwa majumbani mwao kwa sababu tu ya kabila lao. Jirani aliyeonekana si jirani hakuwa na mti wa kukimbilia. Basi haki inayowahusu watu wa ukoo peke yao ni nusu ya haki.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyatazama mambo yote mawili. Katika kifungu cha 159 imezitaka mahakama ziendeleze suluhu na upatanishi na njia za jadi za kumaliza ugomvi, na katika kifungu cha 60 imehimiza watu wamalize khitilafu za ardhi kwa njia zinazokubalika katika jamii zao. Lakini imeweka mpaka: njia hizo zisivunje haki za mtu, wala zisipingane na uadilifu, wala zisiende kinyume cha sheria. Na kwetu sisi Waislamu, kifungu cha 170 kimezithibitisha mahakama za kadhi katika mambo ya ndoa, na talaka, na hali ya mtu, na urithi, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake.

YALIYOTUPATA SISI

Sasa tutasema jambo ambalo si jepesi kwetu kulisema, lakini mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi.

Miaka iliyopita walitujia ndugu watatu wa nyumba moja, wakatuomba tuwasuluhishe juu ya nyumba waliyoachiwa na baba yao. Tulikaa nao chumbani, baada ya Isha, mlango umefungwa, tukiona kuwa tunasitiri aibu ya watu. Walikuwa wapole, wakakubaliana upesi, tukawaombea dua na tukafurahi kuwa tumefanya suluhu. Kumbe walikuwa na dada yao, aliyeolewa mji mwingine. Walitwambia kuwa ameridhika, nasi tukasadiki, wala hatukumwita, wala hatukumuuliza.

Baada ya muda alitujia mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema: "Sheikh, nimesikia nimeridhika. Nimekuja kukuuliza niliridhika lini." Tukakosa la kumjibu.

Tulikuwa tunakijua kisa cha Nabii Daud na wale wawili walioingia mihrabuni, mmoja akadai juu ya kondoo wake. Tulikuwa tumewasomesha wengine yale waliyoyasema baadhi ya wafasiri, kuwa funzo lake ni kutohukumu kabla ya kumsikia wa pili. Tulilijua darasani, tukalisahau chumbani. Shauri lile lilikwenda kwa kadhi, na dada yule akapata fungu lake kama alivyofaridhiwa na Mwenyezi Mungu. Lakini ndugu hawakuzungumza kwa muda mrefu, na sehemu ya dhambi hiyo ni yetu.

Uani penye miche ya chai, mzee yule aliposema kuwa nyumbani kwa mtu si uwanja, sisi tulikifikiri chumba kile. Lau tungekaa barazani, mchana, mbele ya majirani, hapana shaka angetokea mmoja, hata mtoto, akauliza: "Na dada yenu yuko wapi?" Uwazi ndio shahidi ambaye hakuna awezaye kumficha.

Na huo ndio mwendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Kaab bin Malik alimdai mtu deni lake msikitini, sauti zao zikapanda, na Mtume akawatokea akamwashiria Kaab asamehe nusu, kisha akamwamrisha mdaiwa asimame alipe iliyobaki. Ilikuwa msikitini, wenye haki wote wawili wako, na aliyesamehe amesamehe kilicho chake. Hakusamehewa mtu kwa mali ya asiyekuwapo.

MAFUNZO

Katika haya yote tunapata mambo matano, nasi tunawausia ndugu zetu wa mitaa na misikiti.

1. Suluhu ifanywe pahala pa wazi pasipo pa mmoja wa wagomvi. Mambo ya siri ya mume na mke yana hukumu yake na staha yake, lakini mali na ardhi si siri.

2. Asihukumiwe mtu hajasikiwa, na kabla ya kuanza kuulizwe: Nani mwenye haki ambaye hayuko hapa? Khasa waulizwe mabinti, na wajane, na mayatima.

3. Suluhu isihalalishe haramu. Fungu la urithi ni fungu. Mwenye nalo akitaka kusamehe, asamehe mwenyewe kwa ulimi wake, baada ya kulijua.

4. Yatakayokubaliwa yaandikwe, na mashahidi watie saini. Wazee wa kokwet walitegemea kumbukumbu, na kumbukumbu ilizikwa pamoja nao.

5. Jambo likiwashinda wazee lipelekwe kwa kadhi au kwa hakimu bila ya chuki. Baraza si adui wa mahakama. Baraza ni mlango, na mahakama ni nyumba, na aliyemaliza haja yake mlangoni hana sababu ya kuingia ndani.

Na la mwisho ni juu ya baraza zenyewe. Tunaona katika miji yetu vikao vya mbele ya nyumba vikibomolewa ili kufungua duka, au vikizungushiwa vyuma, na viwanja vya mitaa vikiandikwa kwa jina la mtu mmoja. Kila mmoja wetu husema: Ni kikao tu, ni uwanja tu. Wakipsigis nao hawakuupoteza uwanja wao siku moja. Ulikwenda ua kwa ua, na kila ua ulikuwa na sababu yake. Basi mwenye uwezo wa kulinda kiwanja cha mtaa wake, akakiandikisha wakfu au mali ya umma, na afanye hivyo kabla hakijapata mwenyewe.

MASUALA YA DARASA

Kwa nini boiyot ab kokwet alisema mwisho wala hakusema mwanzo?

Ni tafauti gani baina ya hukumu ya mwaka 1934 juu ya ukoo wa Talai na hukumu ya uwanjani?

Katika mtaa wako, ni pahala gani ambapo fukara na tajiri huweza kukaa sawa na kusemeshana? Na kwa jina la nani pameandikwa?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuongoze katika uadilifu, atusamehe tuliyoyahukumu kwa haraka, na apatanishe baina ya nyoyo zetu. Amin.